Nampeleka baba kwenye mbio za magari ya zamani: naomba ushauri wa pa kusimama na namna ya kupiga picha

Mwana_Fundi

Wakuu, salaam.

Mwezi ujao klabu moja ya magari ya zamani inafanya mbio zake za siku moja, na nimeamua kumpeleka baba. Ana miaka 71. Ujana wake aliumalizia chini ya magari ya watu, na gari analolijua kuliko yote ni Ford Cortina. Orodha ya washiriki imeshatoka: mbio za magari ya saluni zina Lotus Cortina tatu, yaani Cortina za mbio zenye injini ya Lotus. Nilipomsomea alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado zina kabureta zake za asili.

Kinachonisumbua ni picha. Mwaka jana nilikwenda peke yangu kwenye mbio kama hizo, nikarudi na picha 900 hivi, na karibu zote zinaonyesha magari yaliyosimama. Yalikuwa yanapita kwa mwendo wa kutisha, lakini ukiangalia picha unaona kama mtu ameegesha gari katikati ya lami akaenda zake. Nilitumia kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde kwa kuogopa picha zisitoke na ukungu. Nyingi pia zina waya wa uzio umepita juu ya gari.

Nina lenzi ya 70-300 na nyingine ndogo ya 50. Sina kibali cha mwanahabari, nitakaa kwa watazamaji kama kila mtu. Naomba mnisaidie: kasi gani ya shata, nisimame wapi, na nifanyeje ili siku isimchoshe mzee. Nataka angalau picha moja ya Cortina ambayo baba akiiangalia atausikia mlio wake.

---

Kona_ya_Pili

Mkuu, 1/2000 ndiyo iliyokuponza. Tufanye hesabu kidogo, utaelewa mwenyewe.

Gari likienda kilomita 120 kwa saa, linakata mita 33 kila sekunde. Tairi la gari dogo la miaka ya 60 lina mzingo wa takriban mita 1.8, kwa hiyo linazunguka mara 18 na nusu kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000, katika muda huo gurudumu limezunguka nyuzi 7 tu. Jicho halioni mzunguko wowote hapo, linaona rimu imetulia. Na wewe ulipiga kwa nusu ya muda huo! Shuka hadi 1/125: gurudumu linazunguka nyuzi 53, karibu sehemu moja ya saba ya duara. Hapo spoku zinayeyuka, nyasi za nyuma zinakuwa mistari, na kama umelifuata gari vizuri kwa kamera, namba ya mlangoni inasomeka.

Watu wengi wanasahau kwamba kasi ya shata inafuata kasi ya gari. Kwenye kona ya polepole, tuseme kilomita 70 kwa saa, ile 1/125 inakupa nyuzi 31 tu. Hapo inabidi ushuke 1/80 au 1/60 kupata mwendo uleule. Kwa hiyo usiweke namba moja asubuhi ukaiacha mpaka jioni.

Namna ya kufuata: miguu ielekee pale utakapobonyeza, siyo pale gari linapotokea. Pinda kiuno ulipokee gari likiwa mbali, liweke katikati, zunguka nalo ukiwa umebana viwiko kwenye mbavu, bonyeza, na endelea kuzunguka hata baada ya shata kufunga. Wengi wanasimamisha mwili pale wanapobonyeza, na picha inakufa hapohapo. Fokasi iwe ile ya kufuatilia mfululizo. Kama lenzi yako ina kitulizi cha mtikisiko chenye hali ya pili, itumie, kwa sababu inatuliza juu na chini peke yake na kukuachia uhuru wa kwenda kushoto na kulia.

---

Lenzi_Ndefu

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila usianzie 1/60. Mazoezi ya asubuhi anza na 1/500 upate picha chache za uhakika za kila gari, kisha 1/250, kisha 1/125. Mtu akianzia chini anapata picha mbovu arobaini mfululizo, anakata tamaa, anarudi 1/2000 kwa siku nzima.

---

Mzee_Spana

Kijana, umenigusa kwa habari ya baba yako. Nimeshinda kwenye padoki (eneo la kuandalia magari) za mbio hizi miaka mingi, nikishika spana kuliko kamera, kwa hiyo nitakwambia ninachokijua.

Kwanza, Cortina. Ukitaka picha ambayo fundi ataitambua, tafuta gurudumu la mbele la ndani likiwa hewani. Lotus Cortina ya 1963 na kuendelea ina sifa hiyo: upande wa mbele umekazwa sana usilale kwenye kona, basi gari likiegemea nje, gurudumu la ndani la mbele linanyanyuliwa juu ya lami. Dereva Jim Clark alichukua ubingwa wa saluni wa Uingereza mwaka 1964 na gari hilo, na picha zake nyingi zinamwonyesha akikata kona kwa magurudumu matatu. Linanyanyuka zaidi pale dereva anapoanza kukanyaga mafuta akitoka kwenye kona, kwa sababu uzito unarudi nyuma. Kwa hiyo usisimame mwanzo wa kona, hapo utapata gari limeinamisha pua kwa breki. Sogea mbele, pale linapofunguka. Mini ni kinyume chake: inanyanyua gurudumu la nyuma la ndani. Ukiyajua hayo mawili, unajua jicho lako likae wapi kabla gari halijafika.

Pili, swali la baba yako. Injini ya Lotus Cortina ni ya 1558 cc, kamshafti mbili juu, na kabureta mbili za Weber aina ya 40 DCOE. Mbio hizi zinasimamia sana gari liwe kama lilivyokuwa enzi zake. Kimataifa kuna kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ziitwazo Appendix K zenye kazi hiyo hasa. Mwambie ataziona Weber.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu. Usishinde uziani siku nzima. Tamasha kama Goodwood Revival la Uingereza, lililoanza 1998, lina umati, na gari unaliona juu ya mabega ya watu. Mbio za klabu ni kitu kingine. Mwenye gari ndiye dereva, mara nyingi ndiye makanika, na mkewe au mwanawe ndiye anayeshika saa. Boneti iko wazi, na ukisalimia vizuri utajibiwa. Mpeleke mzee hapo asubuhi mapema wakati wa ukaguzi wa magari, injini zinapowashwa zikiwa baridi. Lakini kuna adabu zake: usiguse kitu, hata bodi. Omba kabla ya kuinama ndani ya boneti. Usimsemeshe mtu aliyeshika spana huku anatazama saa. Na geuka mara kwa mara uangalie nyuma yako, maana magari yanasukumwa kimyakimya na dereva aliyekaa chini kwenye gari la kiti kimoja hakuoni vizuri.

---

Mwana_Fundi

Mzee_Spana, shikamoo. Nimemsomea baba maneno yako, amesema "huyo anajua." Asante sana.

Kona_ya_Pili, ile hesabu ya nyuzi imenifungua macho, nimeanza kufanya mazoezi na magari barabarani. Kwa 1/125 napata moja nzuri kati ya kumi na tano. Ni kawaida hiyo?

Bado sijapata jibu la uzio. Na nisimame ndani ya kona au nje?

---

Mzee_Spana

Marahaba mwanangu. Msalimie.

---

Bi_Mwanga

Moja kati ya kumi na tano kwa mtu anayeanza ni nzuri kabisa kaka, usiogope.

Uzio: sogea karibu nao kadiri unavyoruhusiwa, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, vuta lenzi yote 300, na usilipige gari lililo karibu na uzio, subiri likiwa mbali. Waya ukiwa karibu sana na kioo cha lenzi unayeyuka, unabaki utusitusi kidogo unaoondolewa kwa kuongeza weusi wa picha nyumbani. Waya wenye jua juu yake hauyeyuki vizuri, unaacha weupe. Tafuta sehemu ya uzio yenye kivuli, au zungushia mkono sehemu hiyo uikinge. Ila kwanza zunguka uwanja mzima kwa miguu kabla ya mazoezi kuanza. Viwanja vingi vina tuta la nyasi mahali fulani linalokupandisha juu ya uzio, na hapo tatizo lote linakwisha. Nusu saa ya kutembea ina faida kuliko lenzi mpya.

Lakini ujue kuna mgongano. Ukishuka 1/60 mchana wa jua kali, hata ISO 100 (sensa ikiwa na wepesi mdogo kwa mwanga) inakulazimisha ufunge tundu hadi f/22 hivi, na hapo uzio unarudi kwenye picha, na kila chembe ya vumbi kwenye sensa inaonekana kama doa angani. Dawa yake ni filta ya polaraiza. Inakula mwanga hatua moja mpaka mbili, na papo hapo inaondoa mng'ao kwenye kioo cha mbele, unamwona dereva na mikono yake kwenye usukani. Kwenye magari ya zamani hilo lina thamani sana, kwa sababu usukani haukai! Mtu anaukata huku na huku kona nzima.

Ndani au nje? Kwa Cortina yako ningesimama ndani, kama watazamaji wanaruhusiwa huko. Sababu ya kwanza, gurudumu linalonyanyuka liko upande huo. Sababu ya pili, ukiwa ndani gari linakuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi: umbali kati yenu haubadiliki sana, kwa hiyo gari zima linatoka kali, mbele mpaka nyuma. Ukiwa nje gari linakuja, linageuka, linaondoka, na kwa kasi ndogo ya shata utapata taa kali lakini mkia umevurugika. Nje pana uzuri wake kwa 1/500, gari likikuelekea limeegemea upande mmoja. Nje ndiko magari yanakotokea pia yakishindwa kona, kwa hiyo baki nyuma ya mpaka uliowekwa na usiipe kamera fahamu zako zote. Sikiliza. Mlio wa tairi unakuja kabla ya gari.

Saa sita mpaka saa tisa, picha za mbali zaweza kutikisika kwa mvuke wa joto juu ya lami. Usiilaumu lenzi. Huo ndio muda wa kwenda padoki na ile 50 yako.

---

Tuta_la_Nyasi

Niongeze kuhusu mzee, kwa sababu nilikwenda na mama yangu nikakosea kila kitu.

Masikio kwanza. Magari haya hayana vizuia sauti kama ya leo, na siku ni ndefu. Chukua vizibo vya masikio vya kwako na vyake, na umweleze mapema kwamba avivue akiwa mbali na lami ili afurahie mlio. Kiti cha kukunja, kofia, maji, na kitu cha kujifunika, kwa sababu viwanja hivi viko wazi na upepo haukatiki. Chagua kona mbili tu kwa siku nzima. Mimi nilimburuza mama kona sita, saa nane akaniomba turudi nyumbani.

Nunua kitabu cha ratiba langoni. Mbio moja huwa ni dakika 15 au 20, halafu kuna pengo, kwa hiyo unajua lini mzee akae na lini asimame. Namba za magari ziko humo, nawe utaweza kujua baadaye umempiga nani.

---

Kona_ya_Pili

Na zijue bendera, zinakusaidia kupiga. Ya njano yenye mistari myekundu maana yake lami inateleza. Kwenye mbio za magari ya zamani mara nyingi ni mafuta ya injini yaliyomwagika. Ukiiona inapungwa kwenye kona yako, tega kamera, maana kila dereva atakayepita atakuwa anapigana na usukani. Ya njano tupu ni hatari na hakuna kupitana, kwa hiyo usitarajie ushindani hapo. Nyeusi yenye duara la chungwa inamwita mwenye gari bovu arudi.

Usiziache zile za kiti kimoja pia. Formula Ford ilianza 1967, na mwanzoni ilitumia injini ya Cortina GT. Baba atapenda kujua hilo. Hazina mabawa, basi zinafuatana kwa karibu mno, gari tano kwenye fremu moja.

---

Mwana_Fundi

Wakuu, tumerudi. Ilikuwa Jumamosi.

Mpango wa kona mbili tuliufuata nusu. Kona ya kwanza baba alikaa mazoezi ya mbio mbili, kisha akasema twende kule walikokaa mafundi, na hakutoka tena mpaka mbio za saluni zilipoitwa. Cortina moja ilikuwa imefunguliwa boneti. Nilimwomba mwenyewe, akasema karibuni. Baba alisimama pale, mikono ameifunga mgongoni asije akagusa, akainama juu ya zile Weber mbili kwa muda mrefu. Mwenye gari alipoiwasha, baba alifumba macho. Nilikuwa na ile 50. Nimeipiga hiyo.

Mbio zenyewe nilizipigia ndani ya kona, kwenye tuta dogo, 1/125 na polaraiza. Fremu 140. Zilizotoka kali ni tisa, na mbili kati ya hizo gurudumu la mbele liko hewani wazi kabisa, unaona nyasi chini yake. Moja ni ya gari lilelile alilolitazama baba. Nimemtumia mwenyewe, anwani aliniandikia pembeni ya kitabu cha ratiba.

Baba anataka hiyo na ile ya yeye amefumba macho zichapishwe ukubwa mmoja, zikae ukutani pamoja. Ile ya Cortina nimeikata kidogo pembeni. Bi_Mwanga, naweza kuifikisha sentimita 60 bila kuharibika?