Mrejesho: Kuvu kwenye ukuta wa chumba cha watoto

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, niliomba ushauri kuhusu kuvu nyeusi iliyokuwa ikirudi kila baada ya wiki chache kwenye ukuta wa chumba cha watoto, katika nyumba yetu ya mawe hapa Mji Mkongwe, Unguja. Nawashukuru kwa dhati walionisihi nitafute kwanza maji yanakotoka. Fundi alipobandua rangi ya mafuta tuliyopaka mwaka 2021, alikuta lipu imelowa chepechepe, kwa kuwa ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na hukauka kwa kuutoa hewani, nasi tulikuwa tumeuziba. Tena mfereji wa bati juu yake ulikuwa umetoboka. Tuliuziba mfereji, tukauacha ukuta ukauke wiki sita, kisha tukapiga lipu ya chokaa.

Aliyenishauri nichanganye siki na dawa ya klorini, namwomba asimwelekeze hivyo mtu mwingine, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Leo ni Novemba, mvua za vuli zinanyesha, na ukuta ni mkavu. Madoa machache yamebaki kwenye kona ya dirisha, nami ninayafuta na kuyafuatilia.