Andiko langu la PhD ya kompyuta limerudishwa mara ya tatu: "Swali liko wapi?" Naombeni ushauri

MwanaMkuranga

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha programu na hifadhidata, mwaka wa saba sasa. Mwaka jana niliomba nafasi ya uzamivu kwenye chuo kimoja hapa nchini. Mara ya kwanza andiko lilirudi na maneno "mada ni pana mno". Mara ya pili, "mchango kwa taaluma hauonekani". Wiki iliyopita limerudi tena, na juu ya ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu: "Swali liko wapi?" Siku ya sita leo nalitazama tu, sijaandika hata mstari.

Kichwa ni "Matumizi ya Akili Unde katika Kutambua Magonjwa ya Muhogo Tanzania". Kurasa 34. Malengo mahususi ni manne: kukusanya picha za majani, kuunda modeli (programu inayojifunza kutambua ugonjwa kwenye picha), kutengeneza programu ya simu, na kuitathmini kwa wakulima.

Mada hii sikuiokota. Mama yangu analima muhogo Mkuranga. Mwaka juzi aling'oa nusu eka. Shamba lilikuwa limependeza, majani ya kijani kabisa, lakini kila muhogo aliokata ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kisu kinakwama. Hakuuza kitu. Nataka uzamivu wangu uguse jambo lile.

Nimekosea wapi? Natanguliza shukrani.

Kibatari

Kurasa 34 ni nyingi mkuu. Kama una sura ya historia ya kompyuta, ifute yote. Wanaolisoma wanaijua.

Mzamivu wa Pwani

Ndugu yangu, pole. Langu lilirudi mara mbili, najua usiku huo ulivyo.

Yasome tena malengo yako manne, kila moja ujiulize: hili likienda vibaya, nitakuwa nimegundua nini? Kukusanya picha, utakusanya. Kuunda modeli, utaunda, siku hizi ni kazi ya wiki mbili. Programu ya simu, umefundisha watu kuitengeneza. Yote ni kazi za kufanya. Utafiti unaanza pale ambapo wewe mwenyewe hujui jibu litakuwa lipi, na jibu la "hapana" lina thamani sawa na la "ndiyo". Mwenye wino mwekundu ndicho alichokitafuta kwenye kurasa 34 asikione.

La pili, mapitio ya machapisho. Umeitaja Nuru? Ni programu ya PlantVillage, inatambua magonjwa ya muhogo kwenye simu hata bila intaneti, na ipo kwa Kiswahili. Umetaja picha za Uganda zilizowekwa wazi na watu wa Makerere kwenye shindano la mwaka 2020 la Kaggle, tovuti ya mashindano ya data? Ni zaidi ya 21,000, za makundi matano. Kama hayamo, anayekupima anaona unataka kujenga nyumba ambayo jirani ameshahamia.

Halafu zifungue zile picha za Kaggle uzihesabu mwenyewe. Kwenye picha za kufunzia modeli, ugonjwa wa batobato peke yake ni kama asilimia 61. Maana yake programu ya mstari mmoja, inayojibu "batobato" kila inapoonyeshwa picha, inapata asilimia 61 bila kujua lolote. Kwa hiyo mtu akija na "usahihi wa asilimia 85", muulize usahihi wa kila ugonjwa peke yake. Sentensi kama hiyo kwenye andiko inamwonyesha msomaji kwamba umeshika data kwa mikono yako.

Soma pia kazi ya Mohanty na wenzake ya mwaka 2016, ya kutambua magonjwa ya mimea kwa picha za majani. Picha 54,306, usahihi wa asilimia 99.35 kwenye picha za mkusanyiko uleule. Walipoipa modeli picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ukashuka hadi asilimia 31 na kidogo. Hapo katikati, kati ya 99 na 31, pana maandiko ya watu kumi.

BwanaShamba_Lindi

Mimi si mtu wa kompyuta, nimefanya ugani wa mazao ya mizizi miaka mingi. Nimesoma posti yako mara mbili, na swali lako nimeliona. Umeliandika mwenyewe halafu ukapita: "majani ya kijani kabisa", ukikata ndani mabaka ya kahawia.

Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia, unaletwa na virusi, na tofauti yake na batobato ni kubwa. Batobato unaiona ukiwa barabarani, jani limejikunja, limepauka madoadoa. Michirizi kahawia inajificha. Dalili za jani zinaanza majani ya chini, yale ya zamani, umanjano unaofuata vishipa, na ukichelewa majani hayo yameshapukutika. Kuna mbegu zinazoonyesha sana kwenye jani huku mizizi ikiwa salama, na nyingine kinyume chake. Ugonjwa wenyewe uliandikwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, kituo cha Amani kule Usambara, mwaka 1936, na hadi leo mkulima anajua amepata hasara siku ya kuvuna.

Sasa wewe unataka kupiga picha majani. Majani gani? Ya umri gani? Nimeona vijana wakija shambani na simu, wanapiga jani la juu kwa sababu ndilo lenye sura nzuri na mwanga. Jani la juu halikuambii kitu kuhusu ugonjwa huu.

Tausi_data

Jibu la @BwanaShamba_Lindi ni dhahabu. Naongeza moja la kiufundi, maana limewaangusha wengi: ukigawa picha zako za kufunzia na za kupima, gawa kwa shamba, usigawe kwa picha. Ukipiga mche mmoja picha nane, sita zikaenda kufunza na mbili kupima, modeli itautambua mche wenyewe, udongo wake na kivuli chake, nawe utafurahia asilimia 97 ambayo haipo. Liandike hilo kwenye mbinu za utafiti, aya moja tu.

MwanaMkuranga

Wakuu, nimesoma yote, nimempigia na mama. Nimemuuliza majani ya chini yalikuwaje. Akasema: "Yalikuwa yanageuka manjano, yakadondoka, nikajua ni jua."

Nimejaribu kuandika upya: "Je, picha za majani ya chini, zikipigwa kwa simu ya kawaida mara kwa mara tangu mche una miezi mitatu, zinaweza kutabiri kuoza kwa mizizi wakati wa kuvuna, na utabiri huo unabadilikaje kutoka mbegu moja kwenda nyingine?"

Kichwa kimekuwa kirefu, lakini nahisi nimekanyaga chini.

Mzamivu wa Pwani

Hilo ni swali. Linaweza kujibiwa "haziwezi", na bado ukaandika tasnifu nzuri ukieleza kwa nini.

Lakini ona linakudai nini. Kwanza, ukweli wa kulinganisha nao hauko kwenye picha, uko ardhini. Itabidi kila mche uliopigwa picha ung'olewe, mizizi ikatwe, ipewe alama. Weka na sampuli chache za maabara kuthibitisha virusi, gharama yake iingie kwenye bajeti tangu sasa. Pili, muhogo unakaa shambani miezi tisa hadi mwaka na zaidi. Katika miaka mitatu unapata misimu miwili ya maana, basi. Ratiba yako ihesabu kwa mvua, usihesabu kwa mihula ya chuo. Tatu, weka kipimo cha binadamu: afisa ugani akiangalia mche uleule, anapatia mara ngapi? Modeli isiyomshinda, useme hivyo.

Na mchango wa kompyuta uutaje waziwazi, wasije wakakwambia upeleke kitivo cha kilimo. Hapa wako ni kutabiri kitu kisichoonekana kutokana na mfuatano wa picha, kwa data chache, na modeli inayoweza kusema "sina uhakika" badala ya kubahatisha. Programu ya simu iondoe kwenye malengo.

Tausi_data

Usisahau vibali. Barua ya chuo itapita mkoa, wilaya hadi kijijini, na inachukua muda. Picha za simu zinabeba pia mahali shamba lilipo, kwa hiyo ukiweka data wazi bila kuzisafisha umeanika mashamba ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, itaje kwenye sehemu ya maadili.

BwanaShamba_Lindi

Na msimamizi wa pili atoke kwenye magonjwa ya mimea. Wa kompyuta peke yake atakupitishia picha za jani la juu.

MwanaMkuranga

Asanteni sana, kutoka moyoni. Malengo yamebaki matatu, kurasa 14. Jumamosi nakwenda Mkuranga. Mama ana mistari minne ya mwaka jana bado iko shambani, amekubali ning'oe mmoja wote. Nitapiga picha majani ya chini kabla ya kung'oa kila mche, kisha nakata mizizi hapohapo na kuandika. @BwanaShamba_Lindi, naomba unielekeze: mzizi nikate sehemu ngapi ili nisikose mabaka?

BwanaShamba_Lindi

Kata vipande vitano kwa kila mzizi, kuanzia kwenye shingo hadi mkiani. Usiishie katikati, wakati mwingine ubovu uko mwisho tu. Mabaka yape alama 1 hadi 5, moja ni safi kabisa, tano umeoza wote. Na andika jina la mbegu kama mama anavyoliita, hata kama vitabuni halipo.