Ati "Nevi ingetaka mumeo awe na mke ingempa kwenye begi, PAMOJA NA SOKSI"! Hivi huyu mama anajiona nani?

Mama Godoro (mleta mada)

Wakuu, salamu tuziache. Naandika mkono wa blauzi bado unanuka kachumbari, mkiona nimekosea herufi mjue ni hasira.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yeyote aliyewahi kuwa na mume mwanafunzi pale Pensacola, kambi ya Florida ya Nevi (jeshi la majini la Marekani), anamjua. Gari lake lina stika za Nevi nyingi kuliko rangi. Mumewe ni chifu, na nikisema chifu sisemi wa kijiji, nasema E-7 wa Nevi, yaani ngazi ya saba ya vyeo vya askari kuanzia chini, ingawa mkewe akitembea utadhani ni wa kijiji kweli, tena mwenye ng'ombe wote. Jina sitaji, mods wasinifungie bure.

Mwenzenu nimetoka Houston. Mume kamaliza ukuruta Great Lakes, kambi ya Nevi kando ya Ziwa Michigan, wiki 9 za simu za dakika mbili na barua zenye mwandiko wa mtu anayeandika gizani. Akatupwa Pensacola kusomea ufundi wa ndege, kozi ya wiki 14. Haifiki 20, na wote humu tunajua maana yake: familia haihamishwi. Hakuna lori, hakuna senti. Nikasema poa, mimi si mzigo, nitajihamisha. Nikafunga godoro juu ya gari kwa kamba za kuanikia nguo, watoto wawili nyuma, tukaikamata barabara kuu ya I-10. Majimbo matano wakuu! Texas, Louisiana, Mississippi, Alabama, ndiyo Florida. Pale kwenye daraja la Atchafalaya, karibu kilomita 30 za kinamasi kulia na kushoto, godoro likaanza kupiga makofi. PA! PA! PA! Mtoto wa miaka mitano ananiambia, mama, godoro linataka kushuka. Lishukie wapi baba, kwa mamba? Kufika mji wa Mobile, Alabama, kwenye ile njia inayopita chini ya mto, nimeingia nikisoma kila dua niliyowahi kufundishwa, na zote zilikuwa za godoro.

Nafika, mume yuko Awamu ya 1, ile ya mwanzo ambayo mwanafunzi anabanwa zaidi. Halali nje ya bweni. Havai nguo za kiraia. Saa ikifika anarudishwa bandani kama kuku. Kwa hiyo nimehamia karibu na mume ninayeongea naye kwa simu, kama nilivyokuwa naongea naye nikiwa Houston. Hata saa hazikubadilika, Pensacola na Houston saa zao ni zilezile! Tofauti ni hao Blue Angels tu, kikosi cha Nevi cha ndege za maonyesho. Wakifanya mazoezi asubuhi vioo vyangu vinatetemeka, naye huko bwenini ananitumia ujumbe, "umewasikia?" Nimewasikia baba. Ndoa yetu kwa sasa ni kusikia ndege moja.

Sasa leo mchana nikaalikwa kwenye chakula cha wake wa wanamaji, sisi Waswahili wa hapa, kila mtu aje na bakuli lake. Nikapeleka kachumbari kwa sababu sufuria zangu bado zimo kwenye boksi lililoandikwa VIATU, na boksi lenyewe silioni.

Huyo mama akaja mezani. Akafunua bakuli langu kwa ukucha mmoja. MMOJA. Akachungulia kama anakagua kitanda cha kuruta. Halafu akaniuliza, "Mumeo ni E ngapi?" Hajaniuliza jina. Hajaniuliza nimefikaje. E ngapi. Nikamwambia E-2. Akafunika bakuli polepole, kama mtu anayemfunika marehemu shuka. "Na umehamisha watoto kwa kozi ya wiki 14?" Ndiyo, nikasema. Ndipo akageukia meza nzima, kwa sauti ya dalali:

"Mdogo wangu, Nevi ingetaka mumeo awe na mke, ingempa kwenye lile begi la kijani, pamoja na soksi."

PAMOJA NA SOKSI.

Najua msemo ni wa zamani, wazee wa Nevi wanaurithishana. Lakini wa kwao hauna soksi! Unaishia kwenye begi! Soksi kaziongeza yeye! Yaani aliuonja msemo akaona haujakolea, akatia soksi!

Meza nzima ikacheka. Mmoja akapaliwa na juisi. Na mwanangu, wa tumboni kwangu, akaniuliza mbele yao wote, "Mama, kwani baba alipewa soksi ngapi?"

Sikujibu kitu. Nikabeba bakuli langu nikaondoka, ndiyo kachumbari ikanimwagikia. Jibu zuri limenijia kwenye taa za pili, nikamjibia usukani, jamaa wa gari la pembeni akapandisha kioo chake.

Yeye hajapiga kwata hata siku moja. Alimsindikiza wake, mimi nimemsindikiza wangu. Cheo kakitoa wapi?

Soksi jamani.

Kiti cha Mbele

Nimeshakaa, nina na karanga. Endeleeni.

Binti wa Gati

Pole mdogo wangu. Mimi aliniuliza E ngapi MSIBANI. Nimejifunga khanga kichwani, macho mekundu, nampa mkono wa pole mfiwa, yeye ananivuta pembeni: "Mzee wako alipanda lini mara ya mwisho?" Kitu pekee kilichopanda siku ile ni presha.

Fundi Bomba 77

Mleta mada una hasira lakini hujajibu swali la mtoto. Soksi ngapi?

Mama Godoro

@Fundi Bomba 77 nenda kazibe bomba.

Mzee wa Orlando

Wiki 9 nazo mnaziita ukuruta? Ilikuwa 10 juzijuzi tu, mmepunguziwa 2025, bado mnalia. Sisi tulipigwa Orlando, kabla hawajafunga kambi nyingine zote ikabaki Great Lakes peke yake. Simu? Simu ya nani? Mke wangu alijua niko hai kwa sababu mshahara uliingia.

Ziwa Michigan Halina Huruma

Mzee shikamoo, lakini Orlando! Ulipiga kwata kwenye mitende, jirani na mbuga za watoto za kuchezea, unakuja kutuvimbia sisi wa Great Lakes? Januari ile kope zangu ziligandana. Nilipiga saluti mkono ukakataa kushuka.

Mzee wa Orlando

Marahaba. Ungewajua mbu wa Orlando usingeandika hivyo.

Wambo wa Goose Creek

Wueh! Dada pole, lakini wiki 14 ni nini? Wangu ni nyuklia. Kwanza kozi ya ufundi, halafu shule ya nyuklia miezi 6, halafu kinu cha mazoezi miezi 6 tena. Sisi tulipewa lori la serikali kwa sababu ni zaidi ya wiki 20, na afadhali ningefunga godoro juu ya gari kama wewe! Lori lilikuja na kabati halina miguu. Viatu vilifika vya kushoto pekee. Vya kulia sijui viliitwa kazi wapi. Na mume akirudi haniambii amesoma nini, ni siri. Namuuliza leo ulikula nini, anafikiria kwanza.

Fundi Bomba 77

Ukipata viatu vya kulia, mleta mada ana soksi.

Binti wa Gati

😂😂😂 Huyu bwana apigwe.

Nilihamia Meridian Mkanizuia

Mimi nitasema ukweli mchungu. Mleta mada ulijitakia. Nilifanya kama wewe, nikamfuata wangu Meridian, Mississippi, anasomea ukarani. Nimefika kozi imebaki wiki 3. Wiki ya kwanza nilikuwa nawasha umeme. Wiki ya pili akapewa zamu. Wiki ya tatu karatasi ikatoka: Yokosuka. Japani! Mimi nimesaini mkataba wa nyumba mwaka mzima, na nilisaini mimi, jina lake halimo, mwenye nyumba akanitazama kama TV. Aliyewahi kunionya alikuwa huyohuyo mama mnayemsema. Hana adabu, ila hesabu anazijua.

Mama Godoro

@Nilihamia Meridian kwa hiyo na wewe ulicheka? Ni wewe uliyepaliwa na juisi?

Nilihamia Meridian Mkanizuia

Sijasema hivyo.

Kiti cha Mbele

Hajakataa pia. Karanga zimeisha, naongeza bisi.

Mshauri wa Bure

Dada, kwa heshima. Kwanza, posho ya nyumba mwenye familia analipwa hata kama mwenyewe analala bwenini, hakikisha imeingia na kwamba wewe na watoto wote wawili mmesajiliwa DEERS, daftari la jeshi la wanafamilia. Pili, ukikwama fedha kuna Navy-Marine Corps Relief Society, shirika la kusaidia familia za wanamaji, wapo tangu 1904, wanatoa mkopo usio na riba. Tatu, kila kamandi ina ombudsmani wa familia, mtu wa kufikisha shida za familia kwa kamanda. Utaratibu huo aliuanzisha Admirali Zumwalt mwaka 1970, kwa ajili ya wake wanaohisi hawasikilizwi, kama wewe leo. Mpigie, umweleze.

Binti wa Gati

Mkuu sisi tunalia, wewe umekuja na semina. Halafu huyo ombudsmani kwa kawaida si ni mke wa mwanajeshi wa hapohapo? Ukute ni YEYE.

Mshauri wa Bure

Sikulifikiria hilo.

Mgeni2291 (amejiunga leo)

Mimi si mtu wa kuandika humu ila nimeona nieleze upande wa pili. Huyo dada mnayemsema ana roho nzuri sana na amewasaidia wengi kupata nyumba na daktari wa watoto. Alichosema ni utani wa kawaida wa kijeshi. Na kachumbari yenyewe ilikuwa na chumvi nyingi.

Kiti cha Mbele

Ulijuaje chumvi?

Fundi Bomba 77

KARIBU JAMVINI MADAM SOKSI

Ziwa Michigan Halina Huruma

Amejiunga leo, saa moja baada ya uzi. Umejuaje chumvi na bakuli ulilifunika kama marehemu?

Mama Godoro

UCHUNGULIE KWA UKUCHA MMOJA HALAFU UJE KUSEMA CHUMVI. Ulionja saa ngapi? Huo ukucha uliulamba??

Mgeni2291

Mimi ni rafiki yake tu.

Wambo wa Goose Creek

Aki rafiki, muulize kama anajua mahali viatu vyangu viko, si amesaidia wengi.

Mwali Asiyelala

Nyie mna shida ndogo. Mimi nimehamia San Antonio, mume anasomea utabibu wa wanamaji pale Fort Sam Houston, na MAMA MKWE amehama pia. Ati yuko karibu na mwanawe. Mwanawe yuko bwenini! Tunalala chumba kimoja mimi na mama mkwe tukimsubiri mtu anayekuja Jumamosi amevaa sare, anakula, anasinzia kwenye kochi, anaondoka. Juzi kamwambia mwanawe nimenenepa. Kwa simu ya spika. Nikiwa naendesha gari, yeye kakaa kiti cha mbele.

Binti wa Gati

Hapo sasa! Kiti cha mbele anakaaje mama mkwe?

Kiti cha Mbele

Nani kaniita?

Mzee wa Orlando

Mama mkwe wangu aliishi nasi Norfolk miaka minne. Nilikuwa naomba safari za baharini kwa hiari.

Mwali Asiyelala

Mzee hebu eleza, uliomba kwa nani? Natafuta fomu hiyo.

Ziwa Michigan Halina Huruma

@Mwali Asiyelala jibu ni moja: kitanda cha sofa, tena kile chenye chuma katikati. Hamalizi wiki mbili, ataomba nauli mwenyewe.

Mwali Asiyelala

Anacho tayari. Anasema kinamnyoosha mgongo.

Nilihamia Meridian Mkanizuia

Tukirudi kwenye mada, mimi namwambia mleta mada awe anasoma karatasi za mume kabla hajafunga mizigo...

Fundi Bomba 77

Mada ilishazikwa mkuu, tuko kwa mama mkwe. @Mama Godoro, hivi hilo godoro lilifika salama? Ni saizi gani? Nahamia Pensacola mwezi ujao, nimeitwa kazi, na sina pa kulala.

Mama Godoro

Lilifika. Upande mmoja una alama za kamba na wadudu wa Louisiana nzima. Ni la watu wawili, nalalia peke yangu na watoto wananipiga mateke. Siuzi.

Fundi Bomba 77

Dola 40?

Mama Godoro

60, na unakuja kulishusha mwenyewe, niko ghorofa ya tatu.

Wambo wa Goose Creek

Unauza godoro kabla mume hajatoka Awamu ya 1? Atalala wapi siku akiruhusiwa?

Mama Godoro

Atalala kwenye begi lake.

Fundi Bomba 77

50 na nakutafutia boksi la VIATU.

Mama Godoro

Njoo PM.