Bajeti ndogo, wauzaji wa "mji janja" kibao: tuanze na nini?

Mpangaji_Kijana aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Niko kitengo cha mipango kwenye halmashauri ya mji wa kawaida tu, si jiji kubwa. Tumetengewa fungu la kuanzia la "mji janja" (yaani kuendesha huduma za mji kwa vifaa vya kidijitali) na bosi anataka mapendekezo, ukurasa mmoja, usizidi. Tangu habari hiyo itoke wauzaji hawakauki mlangoni, na wote wana picha ileile: ukuta wa skrini, watu wamevaa vipokea sauti, ramani inawakawaka. Mmoja ana mapipa ya taka yanayotoa taarifa yakijaa. Mwingine taa za barabarani zinazofifia zenyewe pasipo na mtu. Wa tatu kamera. Wa nne aplikesheni ya wananchi kuripoti mashimo. Kila mmoja anaapa kwamba chake ndicho cha kutangulia.

Shida zetu nazijua: maji hayafiki wote, foleni, taka, bili ya umeme. Nataka kusikia kwa waliokwisha kuzifanya kazi hizi. Nini kilisaidia kweli, na nini kiliishia kuwa pambo? Vipeperushi msinitumie, ninavyo vya kutosha.

RatibaMkononi alijibu:

Anza na usafiri, ni bei rahisi kuliko wanavyokuambia. Mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, Marekani, liitwalo TriMet, lilikaa na Google wakatengeneza mfumo wa data za njia na ratiba za mabasi unaojulikana sasa kama GTFS. Ukiufungua utashangaa: ni mafaili ya maandishi matupu, taarifa zake zimetenganishwa kwa alama ya mkato. Faili moja la vituo, jingine la njia, jingine la saa za kufika. Basi. Aplikesheni nyingi za ramani zinaweza kuyasoma.

Na usiniambie mabasi yenu hayana ratiba. Nairobi, wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu na simu zao, wakarekodi kila kituo na kila njia, na mwaka 2014 ikatoka ramani yenye njia zaidi ya 130. Walitumia mfumo huohuo wa mabasi ya ratiba, wakaurekebisha kidogo. Hakuna kihisi hata kimoja kilichofungwa barabarani.

FundiPresha alijibu:

Ndugu Mpangaji, mimi ni mtu wa mabomba, kwa hiyo nitavutia kwangu. Usafiri ni hoja nzuri, lakini umesema maji hayafiki wote. Kabla hujanunua chochote, waulize watu wa maji swali moja: kati ya saa nane na saa kumi usiku, maji kiasi gani yanaingia kila mtaa?

Saa hizo watu wamelala. Matumizi halali ni machache mno, kwa hiyo kinachopita kwenye mita kubwa ya eneo wakati huo kwa sehemu kubwa kinavuja. Ukigawa mtandao katika kanda, kila kanda ikawa na mita yake ya kuingilia inayotuma usomaji kwa mtandao wa simu, asubuhi unajua kanda gani inavuja kuliko wenzake. Hujui bado ni wapi hasa. Hapo ndipo fundi anakwenda na vifaa viwili vya kusikiliza, anavigandisha kwenye valvu mbili za bomba moja, na kompyuta inapima sauti ya uvujaji imefika upande huu mapema kiasi gani kuliko ule. Ikijua urefu wa bomba na aina yake, inakupa mahali pa kuchimba. Mara ya kwanza kuona shimo linachimbwa kwenye lami kavu kabisa na chini yake maji yanaruka, hutaisahau.

Na presha. Bomba linalovuja linavuja zaidi presha ikiwa juu, na usiku presha hupanda kwa sababu hakuna anayechota. Valvu inayoishusha usiku inaokoa maji hata kabla hujaziba tundu lolote, na mabomba yanapasuka mara chache. Tena maji yaliyopotea ni umeme uliopotea, maana yalisukumwa na pampu. Hiyo bili yenu ya umeme sehemu yake inamwagikia ardhini.

Mfano ninaoupenda ni Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993 mamlaka yao ya maji ilikuwa ikipoteza karibu 72% ya maji iliyoyazalisha. Kufikia mwisho wa muongo uliofuata upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu 6%, ambao hata majiji tajiri wanautamani. Walifunga mita kwa wateja, wakasafisha daftari la wateja, wakafuatilia presha kwa kompyuta. Lakini pia waliweka vikosi vya kuziba mivujo usiku na mchana na kuwalipa bonasi wafanyakazi. Mkurugenzi wao, Ek Sonn Chan, aliwakatia maji hata wakubwa waliokataa kulipa. Hicho kipengele hakimo kwenye katalogi ya muuzaji yeyote.

Sasa pambo ulilouliza. Nimewahi kufanya kazi mahali (sipataji) palipokuwa na chumba kizuri sana cha udhibiti. Tahadhari ilikuwa ikija, duara jekundu, mlio. Mhudumu anabonyeza "nimeona", duara linakuwa njano, anaendelea na chai yake. Hakuwa mvivu yule kijana. Gari la mafundi halikuwa na mafuta, na fomu ya kuomba mafuta ilipita meza tatu. Huko kwenye chemba za mita nako, antena ilifungwa chini ya mfuniko mzito wa chuma, mvua ikinyesha chemba inajaa tope, usomaji unakata. Betri zikaisha, na fungu la betri halikuwa la idara yoyote.

Halafu tulikuta jambo dogo linalokera: idara ya maji inauita mtaa kwa jina moja, watu wa umeme wanautambua kwa namba ya nguzo, mipango miji kwa namba ya kiwanja. Mifumo mitatu ya kisasa, na hakuna hata mmoja unaoweza kumwambia mwenzake "ni pale". Kama utafanya kitu kimoja cha bure mwaka huu, kaeni mkubaliane namba moja ya kila mahali.

Mpangaji_Kijana:

Asante sana mkuu, hilo la majina ya mitaa limenigusa, na mimi ndiye wa viwanja! Ila bosi anataka kitu kinachoonekana. Chumba cha skrini kinapigika picha. Bomba lililozibwa nitalionyeshaje?

KaraniMikataba alijibu:

Naongeza la kamera kabla hujalitia sahihi. San Diego, Marekani, mwaka 2016 waliidhinisha taa za barabarani zenye vihisi, wakaambiwa ni za kuhesabu magari na kuokoa umeme. Zilikuwa na kamera, na polisi baadaye wakaanza kutumia picha zake kwenye upelelezi. Wakazi walipojua wakaja juu, na 2020 meya akaamuru zizimwe. Toronto, Kanada, nao, mradi wa mtaa janja wa kampuni ya Sidewalk Labs ulitangazwa 2017 na kampuni ikajitoa Mei 2020. Yenyewe ilitaja msukosuko wa uchumi, lakini miaka yote hiyo ilikuwa mabishano ya data ya watu itamilikiwa na nani.

Kwenye mkataba tafuta vitu hivi: data ni mali ya halmashauri, mnaweza kuipakua yote, wakati wowote, katika mfumo ambao programu nyingine inasoma, na ada ya mwaka wa pili na wa tatu imeandikwa. Vifaa vya bure vya majaribio ndivyo vya kuogopa zaidi.

FundiPresha:

Karani kasema kweli. Kuhusu skrini, sizichukii. Rio de Janeiro, Brazili, walifungua kituo chao cha uendeshaji wa jiji mwishoni mwa 2010 baada ya mafuriko ya Aprili mwaka huo, na nguvu yake ni kwamba idara kama 30 zinakaa chumba kimoja, mvua ikizidi mtu wa barabara anamgeukia wa uokoaji palepale. Kama bosi wako anaweza kuwakalisha wakuu wa idara meza moja kila Jumatatu, huo ndio mwanzo wa chumba chake.

Cha kumwonyesha ni grafu moja: kanda moja, mtiririko wa usiku kabla ya kuziba na baada ya kuziba, na pembeni yake saa za umeme zilizopungua kwenye pampu. Chagua kanda ndogo ambayo maji yake yanaingilia mahali pamoja tu, ili hesabu isiwe na ubishi. Jedwali ninalotumia kukokotoa nitakutumia inbox ukitaka. Ni Excel tu, halina nenosiri.