Naomba ushauri: je, niache bendi na kuimba peke yangu kama alivyofanya Peter Gabriel?

Mtunzi wa Dar
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwimbaji na mwandishi wa maneno katika bendi inayopiga roki ya progresivu, yaani nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na midundo inayobadilikabadilika. Tangu mke wangu ajifungue, ratiba ya mazoezi imezua mvutano, na wenzangu hawataki tena niandike maneno yote peke yangu. Kwa kuwa mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel aliiacha bendi yake ya roki ya progresivu, Genesis, mwaka 1975 katika hali inayofanana na yangu, naomba wanaoijua safari yake wanishauri iwapo nibaki au niondoke.

Mzee wa Santuri
Mwanangu, hali zenu zinafanana kuliko unavyodhani. Albamu ya mwisho aliyoimba na Genesis ilipokuwa ikitengenezwa mwaka 1974, Gabriel alishikilia kuandika hadithi na karibu maneno yote mwenyewe, huku wenzake wakitunga sehemu kubwa ya muziki. Na katika kipindi hichohicho mtoto wake wa kwanza alizaliwa akiwa mgonjwa sana, naye akalazimika kuiacha kazi mara kwa mara ili awe na familia, jambo ambalo wenzake hawakulipokea kwa huruma iliyostahili.

Zingatia, hata hivyo, namna alivyoondoka. Aliwaarifu wenzake ziara ilipokuwa ikianza Marekani mwishoni mwa 1974, kisha akaimba hadi ziara ilipokwisha Mei 1975. Bendi haikufa, kwa sababu mpiga ngoma wao, Phil Collins, alichukua nafasi ya uimbaji. Gabriel naye hakukimbilia studio, bali albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1977. Kwa maoni yangu, mapumziko hayo ndiyo yaliyompa sauti mpya, na wewe mwenye mtoto mchanga unayahitaji zaidi.

Dada Mwanamashairi
Naheshimu maneno ya Mzee, lakini nina wasiwasi na upande wa riziki. Gabriel aliondoka akiwa ameshaimba katika albamu sita za Genesis, na bado mafanikio makubwa ya kibiashara yalimfikia mwaka 1986, miaka 11 baadaye. Albamu yake ya tatu, yenye wimbo wa kumwomboleza Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, ilikataliwa na kampuni iliyokuwa ikimsambaza Marekani, ingawa ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1980. Ndugu yangu, je, nyumba yako itaendeshwa na nini katika miaka ya namna hiyo? Pia, kabla hujaaga, andikeni nani alitunga nini na msajili kazi hizo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Mwana wa Matimila
Mimi nasema ondoka, ila msiachane kwa ugomvi. Mwaka 1982 tamasha la kwanza la WOMAD, la muziki wa mataifa mbalimbali, ambalo Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake na ambapo wapiga ngoma wa Burundi walitumbuiza, lilimwachia madeni makubwa. Waliomwokoa ni wale wale wa Genesis, waliopanda naye jukwaani Milton Keynes, Uingereza, mwezi Oktoba mwaka huo ili fedha za onyesho zilipe madeni. Bila wao, sijui kama tungepata lebo yake ya Real World, iliyoanzishwa mwaka 1989 na kuzitoa kazi za Remmy Ongala na Hukwe Zawose wetu.

Mtunzi wa Dar
Nawashukuru sana. Nitawaambia wenzangu mapema, na nitamaliza maonyesho tuliyokwisha kuyaahidi. Dada, nyimbo ambazo maneno ni yangu lakini muziki tuliutunga sote, tuzisajili kwa jina la nani?

Dada Mwanamashairi
Kwa majina yenu nyote, kaka. Kubalianeni asilimia ya kila mmoja kwa kila wimbo, muiandike na kutia saini mkiwa bado mnafanya mazoezi pamoja.