Mfuko wa maji wa begi la mlimani unanuka ukungu, nifanyeje?

MwanaKibosho: Habari zenu wakuu. Mgeni niliyempandisha Kilimanjaro kwa njia ya Machame aliniachia begi lake la maji, lile la mfuko wa lita 3 na mpira wa kunyonyea. Zawadi nzuri, ila kumbe juisi ya unga ilikuwa imelala humo. Nimesuuza mpaka mfuko umetakata, lakini maji bado yananuka, na ndani ya mpira kuna madoa meusi. Nitie jiki? Na kwa masika haya ya Moshi nakaushaje? Nikiuanika usiku kucha, asubuhi bado una unyevu.

MamaVifaa: Pole mdogo wangu, usiutupe. Nakodisha vifaa vya mlima hapa mjini, mifuko hii naishika kila siku. Uchafu hujificha kwenye kile kichwa cha kung'ata. Kichomoe, vua lile ganda laini la silikoni, utakuta utando umejibana kwenye mchano wake. Sugua kwa mswaki wa mtoto.

Kwa mpira, tafuta mshipi mnene wa kuvulia samaki. Upitishe, funga mwishoni kitambaa cha pamba chenye sabuni, kiingie kwa kubana, kisha vuta. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapo usione uvivu, maana madoa hayo hayatoki kwa kusuuza tu. Halafu maji ya vuguvugu na bekingi soda, vijiko 2 vikubwa kwa lita. Inua mfuko, bonyeza kichwa ili mpira nao ujae. Acha nusu saa, suuza sana.

Mzee wa Shira: Jiki kidogo inafaa, ila usiichanganye kamwe na limao wala siki, inatoa gesi ya klorini. Maji yanayochemka pia usitie.

MwanaKibosho: Shukrani dada. Na kukausha?

MamaVifaa: Unyevu haukauki kwa sababu kuta za mfuko zimeshikana. Ingiza hanga ya waya iliyokunjwa izitanue, ning'iniza mdomo ukiangalia chini, penye upepo. Mpira uning'inize peke yake, ukiwa umenyooka. Mvua ikigoma kukatika, kung'uta maji yote uweke mfuko kwenye friza. Ukungu hauoti kwenye baridi ile.

Na huo mfuko uwe wa maji matupu. Glukosi tia kwenye chupa.

Mzee wa Shira: Ukitoka kambi ya Barafu usiku kwenda kileleni, kila ukinywa puliza maji yaliyobaki mpirani yarudi mfukoni, la sivyo yataganda.