MJADALA: Vunjo ilibadili mbunge kila uchaguzi kuanzia 1995 hadi 2020. Ilipata au ilipoteza?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna kauli tunayoisikia Kilimanjaro kila msimu wa kampeni: mkichagua upinzani, msitegemee barabara wala maji. Naomba tuipime kwa jimbo moja la vijijini, Vunjo, kuanzia Marangu, Mamba, Mwika, Kilema na Kirua kule juu, hadi Himo na Kahe tambarare.

Rekodi ni hii. Mwaka 1995, vyama vingi viliporudi, Vunjo ilimpeleka bungeni James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Upepo ulikuwa wa Augustine Mrema, mtoto wa Kiraracha, Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu wa zamani aliyeihama CCM na kupata karibu asilimia 28 ya kura za urais mwaka huo. Alipohamia TLP, jimbo likamfuata: mwaka 2000 likamchagua Jesse Makundi wa TLP. Mwaka 2005 likarudi CCM kwa Aloyce Kimaro. Mwaka 2010 akaingia Mrema mwenyewe. Mwaka 2015 Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, walipoachiana majimbo, Vunjo ikawa ya NCCR na Mbatia akamwangusha Mrema. Mwaka 2020 akatangazwa Charles Kimei wa CCM, aliyeongoza benki ya CRDB kwa miaka mingi.

Chaguzi sita, wabunge watano, vyama vitatu, na hakuna aliyerudishwa mara mbili mfululizo. Mwaka 2025 siuweki kwenye hesabu hii, kwa sababu Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikuwamo kwenye karatasi ya kura.

Wapo wanaosema sisi ni watu tusiotulia. Nakataa. Wazee wetu walipiga kura kabla ya uhuru: mwanzoni mwa miaka ya 1950 walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachagga, na mwaka 1960 wakapiga kura tena, wakaamua kuwa na rais wa Wachagga anayechaguliwa badala ya mangi wa maisha. Kumwondoa kiongozi kwa kura hatukufundishwa na Mrema.

Sasa fedha, maana hapo ndipo tunapotishiwa. Barabara za vijijini zipo chini ya TARURA tangu 2017. Maji vijijini yapo chini ya RUWASA tangu 2019. Zote ni taasisi za serikali kuu, na bajeti yake hupitishwa na Bunge zima kutokana na kodi ambayo muuza ndizi wa soko la Mwika analipa sawa na mwananchi wa jimbo lolote. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, hugawanywa kwa kuangalia mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Chama cha mbunge si kigezo. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo, awe wa CCM au wa TLP.

Kwa hiyo kiongozi akisimama jukwaani kusema jimbo la upinzani litanyimwa, ama anasema uongo, ama anakiri kwamba serikali itavunja sheria yake yenyewe. Kwa vyovyote vile hiyo si sababu ya kumpa kura.

Msimamo wangu: Vunjo haijapoteza kwa kubadili vyama. Imepoteza kwa kuwaacha wabunge wote, wa vyama vyote, waondoke bila kutoa hesabu. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini sheria na utekelezaji ni vitu viwili. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa halmashauri vilevile. Meneja wa TARURA anapopanga ipi ianze kati ya barabara ya Kilema na ya Mamba, anajua nani atampigia simu. Mbunge wa chama tawala anaingia ofisi ya waziri bila kubisha hodi.

Mwaka 2015 upinzani ulichukua majimbo 7 kati ya 9 ya mkoa wetu. Baada ya miaka miwili tu jirani zetu wa Siha wakamwona mbunge wao, Godwin Mollel, akijiuzulu Chadema na kurudi kugombea kwa CCM, akashinda. Unadhani mwananchi wa Siha alijifunza nini? Tukubali ukweli wa nchi yetu, tupate maji kwanza.

Mchangiaji wa pili

Nyie wa milimani mnabishana vyama. Sisi wa Kahe, masika yakija, mito yenu inashuka kwetu ikiwa mafuriko. Kiangazi kikija, maji yameishia kwenye mifereji ya juu. Mbunge wa NCCR alitukuta hivyo, wa TLP alitukuta hivyo, wa CCM alitukuta hivyo. Mkihesabu mliopata na mliopoteza, msitusahau.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono hoja, na naongeza kitu. Mlimani shule nyingi za sekondari zilijengwa kwa michango ya wazazi na makanisa, kwa fedha ya kahawa wakati kahawa ilikuwa na bei. Kahawa ilipoanguka watu waling'oa mibuni wakapanda migomba na mboga. Hilo ndilo lililobadilisha maisha ya kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, kuliko mbunge yeyote, na kwenye kampeni halizungumzwi. Ningependa kumsikia mgombea akieleza atafanya nini bungeni kuhusu mkulima anayemiliki robo ekari aliyoigawa kwa wanawe wanne.

Mleta mada

Ndugu wa kwanza, sikatai kwamba simu zinapigwa. Lakini ukikubali maji yawe zawadi ya chama, kesho mbunge wa CCM naye hutamdai chochote, kwa sababu utakuwa umeshamlipa kwa kura na yeye ameshakulipa kwa bomba. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndilo linaloisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge anayeogopa kumuudhi waziri asije akanyimwa barabara hawezi kumsimamia waziri huyo.

Na kuhusu Siha: mwananchi hakuulizwa kabla mbunge wake hajahama. Alipewa uchaguzi mdogo, kwa gharama ya kodi yake.

Ndugu wa Kahe, umenigusa, na nakuelewa kwa sababu mimi ni wa juu na mfereji unapita kihambani kwetu. Suala la maji kati ya juu na chini linahitaji mbunge aliye tayari kuwaudhi wapigakura wake wa Mwika na Marangu, wasiozoea kuambiwa hapana. Huyo simjui bado.

Nawauliza wote: kuna aliyewahi kuona, kwenye ubao wa ofisi ya kata yake, orodha ya miradi iliyolipiwa na mfuko wa jimbo, kwa mwaka wowote, chini ya mbunge yeyote kati ya hawa? Aliyeiona atutajie kata na mwaka.